Jogoo Mwekundu wa Kabuchai

Jumba lile la wanyama waliokaushwa mjini Kitale linanuka, na mtu asikudanganye. Limesimama tangu kabla ya Uhuru, na harufu ya dawa, vumbi na manyoya makuukuu hukukaa kooni mpaka jioni. Alhamisi moja lilijaa wanafunzi kutoka Bungoma. Mwalimu wao Lenah, ndani ya gauni la kitenge cha manjano, alikuwa ameziba pua kwa leso alipomgonga kijana aliyepakata mbega asiye na macho.

"Pole, mwalimu. Huyu haumi," alisema Bethwel, fundi wa jumba. "Nondo wamemkula, namshona."

"Ati na mikono tupu? Na hiyo mikono ndiyo utakula nayo lanchi?"

"Si unikaribishe uone."

Kwa kinyaa na kicheko, akamkaribisha. Zikafuata simu za kila siku, na baada ya miezi mitano Bethwel akapelekwa Kabuchai kwa mama yake Lenah, Mama Nangila. Alipoaga, mama alimpa jogoo mwekundu, mzima, akale na watu wake. Kuku wa heshima huliwa. Ukimkataa, umeukataa ukoo mzima.

Mwezi uliofuata akarudi na sanduku. Ndani alisimama jogoo yule yule, macho ya kioo, ananuka dawa. Ilikuwa zawadi, na Bethwel, mjinga, alikuwa anatabasamu. Lenah alikimbia nje akatapika. Mama Nangila akamwonyesha mgeni njia, akaapa kijana huyo hatamwoa binti yake.

Kwa siku tisa Lenah alilia na hakushika simu. Siku ya kumi aliishika, akaiweka kwa spika, mama akiwa kando, ili amtukane vizuri.

"Mlikataa kuku wetu, Bethwel. Mkamfanya sanamu."

"Nani alikataa? Tulimkula. Ngozi tu ndiyo nilibakisha. Ndani ni pamba na waya, bana."

Lenah aliuliza, "Mlimkula wote?"

"Mpaka miguu. Firigisi nilimpea mzee wangu. Akasema hawa ni watu, tuwapelekee ng'ombe wa mahari."

Yale macho ya kioo yalikuwa bado yanamkirihi Lenah, lakini moyo ulishatulia. Alimpenda mtu yule pamoja na uvundo wake. Akamtazama mama. Mama Nangila aliichukua simu, akakohoa.

"Mwambie mzee wako ng'ombe wakuje," alisema. "Lakini wakuje wakitembea."