Maji ya Chambwe

Zabron alipokuwa akishuka basi stendi ya Mikumi, suruali yake ilinasa mlangoni ikachanika nyuma. Abiria wakacheka bila huruma. Tabea, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, gauni la kitenge cha njano limemkaa barabara, akamrushia khanga.

"Jifunge hiyo, kaka. Lete suruali."

"Na wewe unanicheka?"

"Sikucheki wewe, nacheka suruali."

Mapenzi yakaanzia hapo. Zabron alikuwa mtathmini, kazi yake kupima mradi wa maji unabadilisha nini maishani mwa watu. Jioni, wakila chipsi mayai, alimuuliza habari za kwao Lumango, milimani upande wa Berega. Tabea alimweleza yote: kisima cha tope, watoto wanaoharisha, mama yake anayeteremka bondeni na ndoo. Aliamini ndivyo maji yanavyoletwa. Maskini, alikuwa akiwaponza watu wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Wapimaji hutaka vijiji viwili vinavyofanana. Kimoja hupewa maji, kingine huachwa vilevile mpaka vipimo viishe, ili tofauti ionekane. Chambwe, kijiji cha jirani, wakapata mabomba. Lumango, kwa pendekezo la Zabron, wakaachwa miaka mitatu.

Tabea aliyajua hayo siku mama yake alipoteleza na ndoo akavunjika nyonga. Akapiga simu.

"Zabu, ni wewe uliyechagua sisi tukose?"

"Mpenzi, huo ni utaratibu tu."

"Mwenyekiti wa kijiji amekutaja kwa jina." Akakata.

Zabron alimfuata Lumango, shati jeupe limejaa vumbi, pete mfukoni. Alimpa mama shikamoo pale kitandani, mama akaitikia marahaba. Kisha akapiga goti uani.

"Tabea, naomba nikuoe."

"Nakupenda, ndiyo shida yangu. Leta bomba hapa, nitaivaa pete siku hiyohiyo."

"Nikileta sasa, vipimo vyote vinaharibika. Umebaki mwaka mmoja, kipenzi. Vumilia."

"Kamwambie mama avumilie. Yuko ndani."

Hakuthubutu kuingia tena. Akaondoka na pete yake.

Mwaka ukaisha. Zabron akaenda Chambwe kwa vipimo vya mwisho, kishikwambi mkononi. Kwenye nyumba moja yenye bomba uani, mwanamke mjamzito alikuwa akimwosha mama mzee miguu. Gauni lake lilikuwa lilelile la njano, limepanuliwa kiunoni.

"Karibu, mtathmini," Tabea alisema. "Uliza."

Zabron akasoma swali. "Mradi umebadilisha nini maishani mwako?"

"Umenipa mume. Wasichana wa Lumango tunaolewa huku, tunafuata maji. Onesphory ni mtu mwema, na mama anaoga kila siku."

"Unampenda?"

"Hilo limo kwenye maswali yako?"

"Halimo."

"Basi andika nililosema."

Zabron akaandika huku machozi yakimdondokea kwenye kioo. Ripoti ilipotoka, jibu hilo ndilo wakubwa zake walilolisifu kuliko yote.