Vijiwe vya Masikio ya Samaki

Siku baba alipozikwa, mabuti yake ya mpira yalibaki nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Kabla hajaugua, msimu mzima alikuwa akimpeleka mwanawe mkubwa bwawani kuvua samaki wa utafiti, kwa kuwa kijana huyo alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika elimu ya samaki. Majirani walimwita kijana huyo Profesa kwa utani, naye aliitika.

Baada ya msiba, Profesa aliazima hadubini chuoni, akahamishia kazi yake kwenye meza ya sebuleni ili mama asibaki mpweke. Kando ya hadubini aliweka trei nyeupe yenye vishimo. Kila kishimo kilikuwa na namba, na ndani yake kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele.

"Samaki ana jiwe sikioni," alimweleza mdogo wake, Kitinda, aliyekuwa darasa la sita. "Kila mwaka linaongeza pete moja. Ukihesabu pete, umejua umri wake. Lakini kijiwe kikitoka kwenye kishimo chake, hakina mwenyewe tena. Usiguse."

Kitinda aligusa. Alasiri moja, akiwa peke yake, alitamani tu kushika kitu cha samaki waliopita mikononi mwa baba. Trei ikateleza. Safu mbili za mwisho zikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Aliviokota vijiwe kimoja kimoja kwa kidole alichokilowesha mate, akavirudisha popote palipokuwa wazi. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Tangu hapo hakuwa na amani. Kiti cha Profesa kikikwaruza sakafu, alikimbilia jikoni. Akiitwa jina lake, hata kutumwa chumvi tu, alijifanya hasikii.

"Mama, hebu sikia," Profesa alisema wakila. "Samaki wa kiganja tu ana miaka tisa. Na yule dubwana aliyekaribia kumvuta baba majini, eti ana miwili."

"Labda huyo mdogo alikuwa hali vizuri," mama alijibu, akiitazama sahani ya Kitinda. "Kama mtu fulani humu ndani."

Profesa hakucheka. "Ni macho yangu, mama. Kesho msimamizi wangu anakuja kukagua. Nitamwambia kazi imenishinda. Nitashika kazi ya injini, kama baba."

Kitinda aliacha kula. Akisema, kaka atamchukia. Akinyamaza, kaka ataacha masomo. Na samaki wale wasingevuliwa tena. Baba, aliyeendesha boti, hakuwepo.

Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliinamia hadubini kwa muda mrefu. "Pete zinaonekana wazi kabisa," alisema. "Hukukosea kuzisoma. Basi kuna nini hapa?"

Kitinda alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, karibu na mabuti. Alitoka.

"Ni mimi. Nilivimwaga."

Profesa aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. Kitinda akajifunika uso.

"Vyote?" kaka aliuliza.

"Safu mbili za mwisho. Nilitaka kushika alichokishika baba."

Mama aligeukia dirishani. Profesa alikiinua kiti taratibu, akaketi.

"Samaki ana masikio mangapi?" msimamizi alimuuliza.

"Mawili."

"Vijiwe vya kushoto viko wapi?"

"Chuoni, kabatini, kila kimoja na namba yake." Profesa akajipiga kipaji cha uso. "Mbona sikufikiria?"

"Ungefikiriaje, na hukujua kwamba vimechanganyika? Cha kushoto na cha kulia hufanana kama jozi ya viatu. Tutavipima na kuvilinganisha. Ni kazi ya kuchosha, lakini itawezekana." Kisha akamgeukia Kitinda. "Kumwaga ni ajali, mwanangu. Hata mimi nimewahi. Lakini muda wote uliponyamaza, kaka yako alijilaumu kwa kosa lisilo lake, na alikaribia kuacha masomo. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Tukijua kosa liko wapi, tunaweza kulirekebisha."

Siku hizi, kila Jumamosi, Kitinda hushika kibano na Profesa humsomea namba. Mabuti hayapo tena nyuma ya mlango. Profesa huyavaa anapokwenda bwawani, ingawa yanambana kidogo.