Daftari Lililowashiwa Taa Nyekundu

Mpembuzi ilimaliza kusoma vitabu laki tatu kabla Nashipai hajafunga kamba za viatu. Mashine hiyo ilikuwa na kazi moja, kupepeta vyanzo vya maarifa. Chanzo cha kuaminika kiliwashiwa taa ya kijani. Cha kutiliwa shaka, nyekundu. Wanafunzi wote wa kemia jijini Arusha waliiamini kuliko wahadhiri wao, na wahadhiri, tuseme ukweli, nao waliiamini vivyo hivyo.

Utafiti wa Nashipai ulihusu mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floridi, ile chumvi ya majini inayotia meno rangi ya kahawia. Yeye mwenyewe alizoea kucheka amefunika mdomo. Jumatatu chujio lake la mkaa huo lingewekwa katika shule ya mdogo wake. Vyanzo arobaini vya kijani vilisema mifupa ichomwe kwa nyuzi mia tisa. Akachoma, akapima maji. Floridi ilikuwa ile ile, kana kwamba ameyapitisha kwenye kokoto.

"Kosa ni lako," Mpembuzi ikasema kwa upole. "Vyanzo arobaini vinakubaliana."

Nashipai akavifuatilia kimoja kimoja. Vyote vilinukuu ripoti moja, na ripoti hiyo haikutaja aliyepima. Kilichobaki ni daftari moja la taa nyekundu, la Elinami Pallangyo, fundi mstaafu wa maabara. Akamfuata kwake Tengeru.

"Shikamoo, bibi. Mashine inasema daftari lako limejaa makosa."

"Marahaba. Haijakosea, mwanangu. Limejaa kweli."

Bibi akalifungua. Kila kosa lilikatwa kwa mstari mmoja tu, lisomeke, na pembeni sahihi na tarehe. Nyuzi mia tisa zilikuwa zimekatwa: *Mkaa mweupe, haushiki kitu.* Chini yake: *Mia tano. Umeshika.*

"Sisi hatukuwa tunafuta," alisema. "Ukifuta, anayekuja nyuma yako atatumbukia shimo lile lile."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nani aliuliza? Tangu mashine ije, miaka kumi na minane, wewe ndiye wa kwanza kubisha hodi."

Ijumaa mchana, baada ya kuchoma upya kwa nyuzi mia tano, kipimo kilionyesha floridi imeshuka chini kabisa ya kiwango cha hatari. Nashipai akakaa sakafuni, akacheka mdomo wazi.

Katika ripoti yake hakuzifuta zile nyuzi mia tisa. Alizikata kwa mstari mmoja, akatia sahihi, akaiingiza ripoti kwenye Mpembuzi. Taa nyekundu ikawaka. Akaichukua hivyo hivyo akampelekea mhadhiri, jina la Bibi Elinami likiwa la kwanza kwenye orodha ya vyanzo.