Macho ya Dwight

Jioni ile mawingu ya radi yalitanda juu ya Orlando, bustani ya michezo ikafungwa mapema, na Noreen akaona ndiyo nafasi yake. Alichukua makopo ya rangi akaingia kwenye pango la bandia la wachimba dhahabu, ambamo wageni hupitishwa gizani kwa boti.

Wageni wanaojua siri za pango lile hunyoosha shingo kutafuta sura zilizofichwa ukutani. Ni wapishi, mafundi na wafagiaji wa bustani, wamechorwa katikati ya wachimba dhahabu. Wachoraji wana mwiko mmoja. Mtu hapewi macho mpaka aondoke kazini.

Noreen, mchoraji wa siku nyingi, aliuona mwiko huo upuuzi mtupu. Mumewe Dwight, fundi wa mitambo ya boti, alikuwa anastaafu Ijumaa. Jana Noreen alimchora kwa siri nyuma ya mapipa, macho na yote, apate kumshtukiza. Leo alikuja kumalizia masharubu.

Nyuma ya mapipa palikuwa patupu.

Alimulika huku na huku. Maji yalikuwa yametulia, mitambo imezimwa. Ilimjia harufu ya grisi na ile sabuni ya limau ambayo Dwight hunawia mikono.

Tap... tap... tap...

Dwight alikuwa ukingoni mwa maji, amechorwa ndani ya dirisha la kibanda. Noreen alimchora akicheka. Sasa hakuwa akicheka, na rangi ilikuwa inachuruzika ikidondoka majini.

Redio ya kazini ikakoroma kiunoni.

"Noreen," Dwight alinong'ona. "Uko wapi, mama?"

"Pangoni. Wewe je?"

"Hata sijui. Nilishuka kuangalia pampu... sasa shingo haigeuki. Naona tochi tu."

Noreen aliishusha tochi taratibu.

"Imeshuka," Dwight akasema.

Aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, lakini yule alikuwa mumewe. Akajiambia kwamba kosa ni macho, basi akiyafuta atamrudisha. Alichovya brashi kwenye rangi nyeusi.

"Vumilia, mpenzi."

Akafuta la kushoto. Akafuta la kulia.

Redio ikanyamaza. Alimwita mara nyingi, akaitikisa, akaipigapiga pajani.

Kisha sauti ikaja, na safari hii haikutoka kwenye redio, ilitoka ukutani.

"Noreen... mbona umezima taa?"