Mimba ya Tunu na Udongo wa Mwinyimadi

Mwinyimadi alikuwa mkulima wa mihogo huko Mzenga, Kisarawe. Kila asubuhi alipita dukani kwa Mashaka kununua udongo wa kula. Watu walimshangaa. Udongo huo hununuliwa na wajawazito, na Mwinyimadi alikuwa na ndevu.

"Ni wangu mwenyewe," alisema. Ili aaminiwe, alitafuna kipande palepale, macho yakimtoka.

Ukweli ni kwamba mkewe, Tunu, alikuwa na mimba changa. Lakini Bi Hajira, mama yake Mwinyimadi, alikuwa amepiga marufuku kuitaja. Mimba ya kwanza ya Tunu ilitangazwa mapema. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, akafariki siku ileile. Bi Hajira aliamini kuwa yalikuwa macho ya watu. Safari hii hakuna wa kujua mpaka tumbo lionekane lenyewe. Hata kliniki Tunu alikatazwa, kwa sababu kliniki kuna foleni, na kwenye foleni watu husema. Alipotapika, majirani waliambiwa amekula dagaa wabovu. Muuza dagaa akakosa wateja bure.

Habari za mwanamume anayekula udongo zikamfikia Laurensia, mhudumu wa afya wa kijiji. Akaja nyumbani. Alimwamkia Bi Hajira, kisha akaeleza kuwa mtu anayetamani udongo huenda amepungukiwa damu. Alitaka kumpeleka Mwinyimadi zahanati akapimwe damu, na choo pia, maana udongo huleta minyoo.

Mwinyimadi aliposikia habari ya choo, siri ikamshinda.

"Mwenye mimba ni Tunu," alisema. "Mimi nimechoka kula udongo, mama."

Bi Hajira alimkata jicho mwanawe. Laurensia hakucheka, ingawa alitamani sana. Alimuuliza Tunu kuhusu mtoto wa kwanza. Tunu alijibu huku akilia. Alisema anaogopa kumpoteza na huyu.

"Nisikilizeni," Laurensia alisema. "Hakuna anayeweza kujua kwa hakika nani atajifungua mapema. Lakini yapo mambo yanayotuonyesha nani wa kuangaliwa kwa karibu. Aliyewahi kujifungua kabla ya wakati ni mmoja wao. Mama, huyu si wa kufichwa."

Bi Hajira akauliza kama huko kliniki wanapima husuda. Laurensia alijibu kuwa wanapima presha, damu, malaria na mkojo, kwa sababu hata maambukizi ya mkojo huweza kuleta uchungu mapema. Tena mimba ikiwa changa, ultrasaundi huonyesha umri wake vizuri zaidi.

"Usipojua umri wa mimba," alisema, "utajuaje kuwa uchungu umewahi?"

Bi Hajira akaingia ndani, akamtolea Tunu kanga ya kwendea kliniki.

Wiki ileile Tunu alianza kliniki. Damu yake ilikuwa kidogo, na mkojo ulikuwa na maambukizi. Alipewa dawa, akaambiwa aache udongo. Aliyefurahi zaidi ni Mwinyimadi. Ultrasaundi alipimwa Kibaha, umri wa mimba ukajulikana. Laurensia aliwafundisha dalili za hatari kabla ya wiki thelathini na saba: tumbo kukaza na kuachia mara kwa mara, mgongo kuuma kwa chini, maji au damu kutoka. Ukiona hata moja, usisubiri. Nenda hospitali.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Tunu alihisi tumbo likikaza na kuachia. Zamani Bi Hajira angemwambia anywe maji ya moto, alale. Sasa alikimbilia barabarani, akasimamisha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba mkaa, akaamuru magunia yashushwe. Kila aliyepita alitangaziwa kuwa mkwe wake ana mimba na uchungu umewahi.

Hospitalini daktari hakubahatisha, kwa sababu umri wa mimba ulijulikana. Tunu alichomwa sindano za kusaidia mapafu ya mtoto, na akapewa dawa ya kuchelewesha uchungu kidogo ili sindano zifanye kazi. Baadaye akajifungua mtoto wa kiume, mdogo sana, lakini mzima. Akawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, apate joto.

Mtoto akalia. Tunu naye akalia, kwa furaha. Muuguzi alipoinama kumbembeleza mtoto, Bi Hajira alimshika mkono.

"Mwache alie, mwanangu," alisema. "Wasikie mpaka Mzenga."