Sifuri Nukta Tatu Saba Tano

Serafina alikanyaga matope ya shamba kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, akihesabu hatua. Kaka yake, Polikarpo, alimfuata nyuma akibisha.

"Hatua zako ni ndefu mno!"

"Basi hesabu wewe!"

"Nahesabu tangu juzi. Nimechoka!"

Shamba hilo la mpunga, hapa kijijini Mchombe, lilikuwa la marehemu baba yao. Kikao cha ukoo kiliwagawia. Polikarpo anaishi na mama yao, kwa hiyo alipewa sehemu kubwa. Katibu wa kikao alipiga hesabu kwenye simu, akaandika kwenye karatasi: Serafina 0.375 ya shamba, Polikarpo 0.625. Kisha akapanda basi, akaenda zake.

"Hii sifuri ya mbele ni ya nini?" Polikarpo alifoka. "Sifuri ni sifuri. Labda hupati kitu!"

"Na wewe unayo hiyo hiyo!"

Damiani, dereva wa pawatila, lile trekta dogo la mkono, alizima injini. "Jamani, mvua imeshaanza. Ikifika saa sita sijaanza kulima hapa, naenda kwa wengine. Kurudi ni baada ya wiki mbili."

Wiki mbili! Mbegu zilikuwa zimelowekwa, zimeshaanza kuchipua. Serafina alitaka kulia kwa hasira. Alichukua karatasi ya katibu, akaenda kwa jirani yao Digna, fundi wa kushona nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kelele zenu zinafika mpaka huku. Lete hiyo karatasi."

Digna alisoma, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa.

"Sifuri ya mbele inasema hukupewa shamba zima, umepewa sehemu tu. Haya, baada ya nukta kuna tarakimu ngapi?"

"Tatu."

"Ingekuwa moja, ni sehemu za kumi. Mbili, za mia. Tatu, za elfu. Kwa hiyo andika 375 juu, 1000 chini."

"Nikate shamba vipande elfu? Mama, pawatila inaondoka!"

"Tulia. Sasa tunarahisisha. Taja namba inayogawa juu na chini bila kubakiza kitu."

"Tano?"

"Gawa. Ukimaliza, gawa tena."

Serafina aliandika mezani:

375/1000 = 75/200 = 15/40 = 3/8

"Namba zimepungua, lakini sehemu ni ile ile," Digna alisema. "Mbali na moja, kuna namba inayogawa tatu na nane zote?"

"Hapana."

"Basi tumefika. Shamba lina mafungu nane yaliyo sawa. Yako ni matatu."

Walirudi shambani. Walivuta kamba kutoka barabarani hadi mfereji, wakaikata hapo. Digna aliikunja mara moja: sehemu mbili. Mara ya pili: nne. Mara ya tatu: nane. Kwa urefu wa sehemu moja kati ya hizo nane wakapima mafungu matatu ya Serafina.

Polikarpo alikuwa bado amenuna, ingawa Serafina alishamweleza hesabu yote. Aliokota kijiti, akaandika kwenye udongo: 625/1000, 125/200, 25/40, 5/8. Akajumlisha kwa vidole.

"Tatu na tano ni nane," alisema taratibu. "Kumbe shamba lote limeisha."

Akapiga kigingi cha mpaka mwenyewe. Damiani akawasha injini saa tano na nusu. Mpunga ukaota pande zote mbili.

Wiki chache baadaye, Theodori wa shamba la jirani alisimama na chupa ya dawa ya magugu, amekunja uso. Aliambiwa aweke lita 0.25 kwa kila pampu ya kunyunyizia.

"Lete nione," Polikarpo alisema. "Tarakimu mbili, sehemu za mia. 25 juu, 100 chini. Gawa kwa ishirini na tano: moja juu, nne chini. Robo lita! Pima, ndugu yangu, magugu hayangoji."