Nusu Yenye Jiko

Kila asubuhi, kabla ya kufungua faili lolote, Mkaguzi Denise Pratley aliketi kwenye ngazi za kituo cha polisi cha Wondai, mji mdogo wa Australia, akagawana mkate wake na ndege mmoja mwenye mguu mbovu. Leo ndege alikuwa hajapata hata kipande cha pili. Pikapu ilipanda ukingo wa barabara, breki zikalia, na Merle Stieler akashuka na ndala za chumbani.

"Denise, wameiba nyumba yangu!"

"Wameiba nini ndani ya nyumba?"

"Hunisikii, mwanangu? Nyumba yenyewe. Nusu yake. Ile yenye jiko."

Denise alimwachia ndege mkate wote.

Wilaya nzima ilijua kwamba Merle, aliyefiwa na mumewe miaka minane iliyopita, anahamia Biloela, kilomita mia tatu kaskazini, karibu na binti yake. Nyumba yake ya mbao alikuwa anahama nayo. Binti alikwisha kununua kiwanja cha kuiweka. Col Borchardt, mhamishaji nyumba, alikuwa ameikata katikati kwa msumeno na kupakia kila nusu kwenye tela lake. Jana jioni aliyaacha matela yote mawili kwenye uwanja wa malori nje ya mji, yangoje msafara wa polisi asubuhi.

Sasa uwanjani lilibaki tela moja tu, lenye vyumba vya kulala. Upande uliokatwa ulifunikwa turubai. Karatasi ya ukuta yenye maua ilichungulia pembeni.

"Redio imesema mvua ya mawe alasiri," alisema Merle. "Kama huyo mwizi hajafunika vizuri, sakafu imekwisha. Marehemu aliipigilia mwenyewe, ubao kwa ubao."

"Tutaipata," Denise alimwahidi.

Alianza na Trent, mpwa wa Col na dereva wa lori la pili, mwanamume wa miaka arobaini anayetafuna kucha.

"Nani aliyeona tela mara ya mwisho?"

"Mimi na mjomba. Saa kumi na mbili jioni."

"Lilikuwa limefungwa?"

"Minyororo, kufuli, kila kitu. Mjomba hana mzaha. Huweka kikombe cha maji kwenye dirisha la jikoni safari nzima. Likimwagika tone, anasimamisha lori na kunitukania mpaka mababu."

"Mababu zako si ndio zake?"

"Siku hiyo huwakana."

Col alisimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa na miaka sabini, mrefu, mikono kama makasia.

"Ufunguo wa kufuli anao nani, Col?"

"Mimi."

"Umeupoteza?"

"La."

"Unamshuku nani?"

"Siwezi kumsingizia mtu."

Trent alikuwa anatazama wingu. Merle alikuwa anatazama wingu. Hata Denise alilitupia jicho. Col peke yake alitazama viatu vyake.

"Huogopi mvua?"

"Nimeshazoea mvua," alijibu.

Denise alipiga picha alama za matairi, akazipima kwa futi, kisha akainua macho. Nusu nyumba si mkoba wa kukwapua. Kwenye tela inafika kimo cha mita tano na nusu, na barabara kuu, kaskazini na kusini, imekatizwa na nyaya za umeme. Kuzipita lazima mtu apande juu na kuziinua kwa mti mkavu, moja baada ya nyingine, huku mwingine akiendesha. Mtu mmoja hawezi.

"Trent, kutoka hapa kuna njia isiyo na nyaya?"

Trent alitafuna kucha. "Ile ya nyuma tu. Inayopita kiwanda cha mbao kilichofungwa."

Col aliivaa kofia, akaivua tena.

"Nyote wawili mngoje hapa," alisema Denise. "Merle, panda tuongozane."

Njia ya nyuma ilikuwa ya vumbi jekundu, na alama za matairi zilikuwa zilezile. Baada ya kilomita moja Denise alisimamisha gari. Matawi ya miti yalikuwa yamekatwa pande zote mbili, kwa kimo kimoja. Aligusa utomvu. Ulikuwa mkavu, mgumu kama kioo.

"Wiki tatu," alisema. "Mwizi huyu alijua urefu wa nyumba yako wiki tatu zilizopita."

"Ni nani atakayejua hilo?" Merle aliuliza. Kisha akakumbuka kwamba wiki tatu zilizopita mtu mmoja tu alikuja kuipima nyumba yake, akanywa chai na kula skonzi nne za boga.

Nyuma ya kiwanda, kwenye kiwanja cha Col, nusu ya nyumba ilisimama juu ya nguzo mpya. Kila nguzo ilivishwa kofia ya bati kuzuia mchwa. Saruji ilikuwa imekauka siku nyingi. Upande wa wazi ulizibwa kwa turubai mbili zilizofungwa kwa kamba kila hatua. Mvua isingepenya hata kwa rushwa.

Denise alipanda ngazi. Jikoni, kwenye dirisha, palikuwa na kikombe cha maji, kimejaa mpaka ukingoni. Hakuna tone lililomwagika.

"Dirisha linatazama mashariki," Merle alisema polepole. "Kule mjini lilitazama ukuta wa jirani. Nililalamika miaka thelathini."

Denise alichukua redio yake, akaita lori. "Trent, mlete mjomba wako."

Col alifika, akasimama chini ya ngazi kama mtoto aliyevunja sahani.

"Col Borchardt, uliichukua nyumba hii?"

"Niliichukua."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Trent alichimba mashimo ya nguzo, lakini alidhani najenga banda."

"Banda lenye kofia za mchwa?" alifoka Trent. "Ningejua, nisingemwaga saruji juani!"

"Kwa nini nusu tu?" Denise aliuliza.

"Jikoni ndiko anakoishi." Col aligeuza kofia mkononi. "Vyumba vingine... niliona aamue mwenyewe."

Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali. Denise alifungua daftari.

"Sheria iko hivi. Wizi ni kuchukua mali bila ridhaa ya mwenyewe. Merle ndiye mlalamikaji. Merle, unaridhia au nimfungulie mashtaka?"

Merle alishuka ngazi moja. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Unajua kwa nini nilikuita uje kupima, Col? Nilitaka ukatae. Wewe ukatoa kamba yako, ukapima, ukasema itaingia barabarani bila shida. Miaka minane unanirekebishia bomba lisilovuja! Sasa umeniibia jiko, na bado hujasema kitu. Nitaridhia nini?"

Col alimtazama Trent. Trent akageukia miti. Alimtazama Denise, Denise akawa anasoma ukurasa mtupu.

Mzee aliweka kofia yake juu ya nguzo.

"Nimehamisha nyumba mia mbili na kumi," alisema, "na kila moja niliifikisha alikotaka mwenye nyumba. Hii siwezi. Nakupenda, Merle. Usiende."